DAC yangu haisomeki kwa USB: nilipe bodi mpya au niifungue?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina DAC ya mezani, kile kifaa cha kugeuza namba za muziki wa kompyuta kuwa sauti, niliyonunua ikiwa mtumba hapa Nairobi, ndiyo inayounganisha laptopu na amplifaya. Ina tundu la USB la mraba kama la printa, na mlango wa optikali, ule wa kebo ya mwanga, ambao nautumia kwa TV. Wiki iliyopita stima ilipotea jioni, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi. Tangu siku hiyo nikichomeka USB, Windows inaniambia kifaa hakitambuliki. TV kwa optikali inalia kama kawaida. Fundi mmoja wa mjini aliishika tu, hakuifungua, akasema bodi ya USB imeungua na nilipe elfu saba aweke nyingine. Nina mita ndogo na kulehemu najua kiasi. Nijaribu mwenyewe? Na nikiamua kubaki na optikali tu, nitapoteza ubora wa sauti? Msomaji wa Donholm.

Jibu: Usilipe kwanza, ndugu yangu. Mtu aliyesema bodi imeungua bila kulegeza hata skrubu moja amekupa kisio, na kisio cha elfu saba ni ghali.

Nusu ya uchunguzi umeshaufanya bila kujua. TV inalia kupitia optikali, kwa hivyo transfoma iko hai, umeme wa ndani uko sawa, chipu inayogeuza namba kuwa sauti inafanya kazi, na sehemu ya mwisho inayopeleka sauti kwenye amplifaya haina neno. Kinachobaki kushukiwa ni kipande kifupi cha bodi: kuanzia tundu la USB hadi chipu inayopokea USB, na vile vitu vichache vinavyoizunguka. Kwa DAC nyingi za mezani eneo lote hilo unaweza kulifunika kwa vidole vitatu.

Malalamiko ya Windows nayo yana habari. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, na mbili za data, ya kijani ambayo ni D+ na nyeupe ambayo ni D−. Kifaa kikiamka huunganisha rezista ya omu 1,500 kati ya D+ na volti 3.3, na volti ya waya huo ikapanda. Kwa kompyuta, hiyo ndiyo hodi. Inaitikia kwa kuuliza: wewe ni nani, umetoka kiwanda gani, unataka kasi gani? Windows ikikuambia kifaa hakitambuliki, maana yake hodi ilisikika, swali likaulizwa, jibu likakosekana au likaja limevurugika. Kifaa ambacho upande wake wa USB umekufa kabisa hakibishi hodi. Unakichomeka na kompyuta inakaa kimya kama hujafanya kitu.

Kwa hivyo chipu yako inapata umeme, na D+ angalau unafika. Washukiwa wanapungua: waya wa D− umekatika mahali, au mmoja kati ya hiyo miwili unavujia ardhini, au kristali inayopigia chipu mapigo imepotoka, au programu ya ndani ya chipu imefutika, au chipu yenyewe imeumia upande mmoja. Chipu ni ya mwisho kushukiwa, si ya kwanza.

Kabla ya bisibisi, maliza mambo ya nje. Badilisha kebo. Najua unaona ni jambo la kitoto, lakini kebo ya printa iliyokunjwa nyuma ya meza miaka mingi hukatika waya mmoja ndani na kwa nje ikaonekana nzima, na dalili yake ni hiyo hiyo yako. Chukua fupi, chini ya mita mbili. Tano ndio mwisho wa USB 2.0. Usipitie kwenye kigawanyi cha matundu mengi, chomeka moja kwa moja. Jaribu kompyuta nyingine, kwa sababu tundu la laptopu nalo lilikuwa kwenye stima ile ile. Simu ya Android yenye waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, nayo inafaa, kwani kuanzia toleo la 5.0 Android inacheza sauti ya USB bila kuongezewa kitu.

Kama una flashi ya Linux, washa laptopu kwayo na uandike dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa ndani wa kompyuta, baada ya kuchomeka DAC. Naiamini Linux kuliko Windows kwa sababu haifichi. Ukiona namba −71, mazungumzo yanaanza lakini data inafika imeharibika. Kimbilia nyaya za data, lehemu za tundu na kristali. Ukiona −110, kompyuta imengoja jibu hadi ikachoka. Hapo chipu imebisha hodi ikanyamaza, na kristali au programu ya ndani ndiyo ya kutazamwa mapema. Na ikitokea DAC imesomeka vizuri kabisa kwenye Linux, basi tatizo ni programu endeshi ya Windows, na elfu saba zako zimepona. Hilo huwakumba zaidi wenye Windows za zamani: DAC za kasi ya juu zinahitaji kiwango cha pili cha sauti ya USB, na Windows ilianza kukielewa yenyewe kwenye Windows 10 toleo la 1703 la mwaka 2017. Kabla ya hapo kila kiwanda kilileta programu yake.

Sasa kuifungua. DAC yako ina transfoma au pawasaplai ndani, kwa hivyo 240 za stima zimo humo. Chomoa ukutani, usizime swichi tu. Kama ndani hakuna transfoma nzito bali pawasaplai ndogo kama ya chaja, kapasita yake kubwa hukaa na takriban volti 340 za moja kwa moja hata baada ya kuchomoa. Pima kwa mita kabla ya kuingiza kidole, na usiichokoze kwa bisibisi ili itoe cheche. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa fahari na sikuwahi kuelewa fahari hiyo.

Ukishafungua, tazama kabla ya kupima. Taa kali na kioo cha kukuzia. Kwa nyumba zetu za gorofa jambo la kwanza ninalolitafuta ni mende, wale wadogo wa kahawia. Wanapenda vifaa vinavyokaa na joto usiku kucha, na kinyesi chao hushika unyevu kati ya miguu ya chipu hadi umeme uvuje. Ukikuta madoa meusi karibu na chipu ya USB, safisha kwa mswaki laini na alikoholi ya aisopropili, acha ikauke vizuri, kisha jaribu tena. Spiriti ya duka la dawa usiitumie: nyingi ina mafuta kidogo ndani yake, na mafuta hubaki juu ya bodi.

Halafu geuza bodi utazame lehemu za tundu la USB. Tundu la mraba lina pini nne na masikio mawili ya bati yanayoshika bodi. Kila unapochomoa kebo kwa kuivuta upande, masikio yakilegea nguvu yote hupita kwenye pini. Unachotafuta ni duara jembamba jeusi linalozunguka pini, ufa wa lehemu. Shika tundu kwa nje ulitikise polepole huku ukiangalia upande wa chini. Pini inayocheza ndani ya lehemu yake imejishtaki yenyewe. Kuilehemu upya ni kazi ya dakika chache, na kwa DAC za mtumba zilizosafirishwa kutoka mbali hapa ndipo wengi hupona. Tukio la stima huenda limegongana tu na ufa ulioanza zamani. Usiliamini sana mpaka upime.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Vyote unaviweza kwa mita ya bei rahisi.

Cha kwanza ni mfululizo, yaani kuona kama njia haijakatika. DAC haina umeme, kebo imechomolewa, mita iko kwenye mlio. Weka ncha moja kwenye pini ya D− ya tundu na nyingine ufuate njia ya shaba hadi mguu wa chipu. Fanya hivyo kwa D+ pia. Njiani utakutana na rezista ndogo, moja kwa kila waya. Zikiandikwa 220 usishtuke, si omu 220, ni 22; 270 ni 27. Mita ikikuonyesha 22 upande mmoja na upande wa pili haionyeshi kitu, umeshampata. Rezista hizo hukubali kufa ili chipu iishi salama, na kuibadilisha ni kazi ya uvumilivu wa mkono tu. Kwa chipu za kasi ya megabiti 480 kwa sekunde mara nyingi hakuna rezista hapo, njia inakwenda moja kwa moja.

Cha pili ndicho ninachokitegemea kuliko vyote. Weka mita kwenye alama ya diodi. Ncha nyekundu iguse ardhi ya bodi, bati la tundu la USB likiwa limeunganishwa na ardhi litafaa, na ncha nyeusi iguse D+. Mita inapaswa kusoma kitu kati ya 0.4 na 0.8. Hamisha ncha nyeusi hadi D−. Siri ya kipimo hiki haiko kwenye namba yenyewe, iko kwenye kufanana: nyaya hizo mbili zinaingia kwenye chipu kwa milango miwili iliyotengenezwa sawa, kwa hivyo namba zinatakiwa ziwe pacha, zikitofautiana labda sehemu moja au mbili za mia. Ukipata 0.58 na 0.59, upande wa data wa chipu hauna dalili ya kuumia, na macho yaende kwenye kristali na programu. Ukipata 0.58 na 0.12, au 0.58 na sufuri, waya wa pili unavuja. Ukipata 0.58 na alama ya njia iliyo wazi, umekatika, rudi kwenye kipimo cha kwanza.

Wakipata sufuri, mafundi wengi hutangaza kifo cha chipu. Ngoja. Karibu na tundu, kabla ya chipu, tafuta kidude chenye miguu sita kisichozidi punje ya mchele. Kinachotumika sana ni USBLC6-2. Kazi yake ni kumeza mshtuko wa umeme usifike kwenye chipu, na kikimeza kupita kiasi hujifunga moja kwa moja na ardhi. Yaani kimekufa kikifanya kazi yake, lakini kimezuia njia. Kiondoe, pima tena. Kama namba sasa zimekuwa pacha, chipu yako iliokolewa. Angalizo moja: kwa bodi nyingine njia za data hupita ndani ya kidude hicho, zikiingilia mguu wa 1 na kutokea wa 6, na kuingilia wa 3 na kutokea wa 4. Kukitoa kunakata njia. Fuata mfululizo kwa mita, na kama umekatika unganisha pande mbili kwa uzi mwembamba wa shaba. DAC itafanya kazi bila ulinzi huo, ila usiiache hivyo, hasa kwa stima unayoieleza.

Cha tatu ni volti, na hiki kinahitaji umeme uwepo, kwa hivyo mkono mmoja mfukoni na ncha ya mita isiteleze. Unganisha kebo na kompyuta. Kwenye pini ya kwanza ya tundu tafuta volti 5. Chini ya 4.4 kebo au tundu la kompyuta lina kasoro. Fuata hadi upande wa pili wa fyuzi ndogo au ushanga wa feraiti unaofuata, namba isishuke. Kisha tafuta kidhibiti cha 3.3, mara nyingi ni AMS1117, kile chenye miguu mitatu na bapa pana nyuma yake. Bapa hilo ndilo linalotoa, na linatakiwa lisome 3.3. Kwa kuwa DAC yako inabisha hodi sitarajii shida hapa, isipokuwa 3.3 iwe inalegea hadi 2.8 hivi kwa sababu ya kapasita iliyochoka, jambo ambalo huifanya chipu ianze kusema na kukatika katikati.

Kristali mita haiwezi kuihukumu. Ni kibati cha fedha chenye namba juu, 12.000 au 24.000, yaani megahezi. Ikianguka chini hupasuka ndani bila alama nje. Mimi nikiwa nimebakiwa nayo tu huibadilisha bila kujiuliza, kwa maana haina gharama, mradi namba iwe ile ile.

Ukilazimika kubadilisha tundu, usishindane nalo. Masikio yake yameunganishwa na shaba pana ya ardhi ambayo hunyonya joto, na wengi wakikosa subira huvuta, njia ya shaba ikang'oka na pini. Lehemu za viwandani za sasa hazina risasi na huyeyuka karibu na nyuzi 217. Yeyushia juu yake lehemu ya kawaida yenye risasi, ya 63/37, inayoyeyuka nyuzi 183, ili mchanganyiko ulainike. Chuma chako kiwe karibu 350, flaksi ya kutosha, na utambi wa shaba wa kunyonya. Hata hivyo njia ninayoipenda ni kulitoa kafara tundu lenyewe: likate vipande kwa koleo kali, kila pini ibaki peke yake, uzitoe moja moja bila kuvuta bodi. Tundu jipya si lazima ulinunue. Printa yoyote iliyokufa ina lile lile, na printa zilizokufa Nairobi hazijawahi kuadimika. Ukitaka jipya, pita barabara ya Luthuli. Ilifanyiwa ukarabati mwaka 2019 na matatu zikaondolewa, mtu akaweza walau kusimama mlangoni kulinganisha pini bila kusukumwa. Nenda na la zamani mkononi, yapo ya kulala na ya kusimama, na muuzaji akikuambia yote ni sawa usimwamini.

Kama njia ya shaba imeng'oka, tumia waya mwembamba wa koili. Pitisha wa D+ na wa D− pamoja, umeisokota kidogo, urefu sawa, mfupi iwezekanavyo. Kwa DAC ya kasi ya megabiti 12 hilo halina wasiwasi. Kwa ile ya 480 sentimita mbili tatu hupita, zaidi ya hapo unajitafutia −71.

Sasa tuseme umetoa kidude cha ulinzi na waya mmoja bado unasoma sufuri. Chipu imekufa, na uamuzi unategemea maandishi yaliyo juu yake. PCM2704 ya Texas Instruments ina miguu 28 iliyoachana milimita 0.65, haihitaji programu yoyote kuwekwa, na mtu mwenye flaksi nzuri na mkono uliotulia huibadilisha kwa chuma cha kawaida. Hiyo huishia biti 16 na kilohezi 48. Chipu ya XMOS ni habari nyingine: inahitaji hewa ya moto, na mpya ikinunuliwa inakuja tupu, bila programu ya kiwanda kilichotengeneza DAC yako. Ukiiweka bila programu hiyo umebadilisha tatizo moja kwa lingine. Baadhi ya DAC lakini zina bodi ndogo ya USB iliyopandishwa juu ya bodi kubwa kwa safu ya pini, kama ile Amanero Combo384. Hapo pekee ndipo maneno ya kuweka bodi nyingine yana maana, na elfu saba inaweza kuwa bei ya haki. Mwombe fundi wako akuonyeshe hiyo bodi ndogo. Kama DAC yako ina bodi moja tu, basi sijui alikuwa anauza nini.

Kabla hujaifunga tuzungumze kilichoiumiza, la sivyo utarudi hapa mvua za Aprili zikianza.

Stima kurudi kwa kishindo haiingii kwa kawaida kupitia USB. Inachofanya ni kutenganisha ardhi za vifaa vyako kwa nukta ya sekunde. Chaja ya laptopu isiyo na waya wa ardhi ina kapasita ndogo inayounganisha upande wa stima na upande wa laptopu. Ndiyo inayofanya bati la laptopu likutekenye vidole unapolipapasa. Bati hilo huelea katikati ya stima, karibu volti 120 ukipima kwa mita. Mkondo ni mdogo, haukuumizi. Upande wa pili uko amplifaya, ambayo nayo ina ardhi yake, au haina: ni wangapi Nairobi wana amplifaya ya Ulaya yenye plagi ya miguu miwili, iliyoingizwa kwenye soketi yetu ya miguu mitatu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu? Na ekstensheni za bei ya chini zina mguu wa tatu unaopendeza kwa macho ilhali ndani hakuna waya uliofungwa. Kitu pekee kinachounganisha ardhi ya laptopu na ardhi ya amplifaya katika mpangilio huo ni kebo ya USB na waya wa RCA, ule wa sauti unaotoka DAC kwenda amplifaya, na katikati yao imekaa DAC yako. Stima ikiruka, tofauti yote inataka kusawazishwa kupitia hapo. Waundaji wa USB waliliwazia hilo, ndiyo maana pini za volti na ardhi ni ndefu kuliko za data, ziguse kwanza. Plagi ya RCA ni kinyume: pini ya katikati ndiyo inayogusa kwanza, ardhi baadaye. Ukiichomeka vifaa vikiwa vimewashwa unapeleka zile 120 moja kwa moja kwenye saketi.

Unaweza kujipimia. Chomoa USB na RCA, washa laptopu ikiwa kwenye chaja na amplifaya pia, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye bati la tundu la USB la laptopu na nyingine kwenye pete ya nje ya RCA ya amplifaya. Ukisoma makumi ya volti, umeona chanzo. Dawa yake: vifaa vyote kwenye ekstensheni moja nzuri yenye waya wa ardhi wa kweli, na soketi ya ukutani iliyokaguliwa na fundi wa stima, kwani kwenye ploti nyingi za zamani soketi ya miguu mitatu haijaunganishwa na ardhi popote. Unganisha USB na RCA kila kitu kikiwa kimezimwa, kisha washa. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kinafaa pia kwa meza ya muziki. Stima ikianza kucheza, chomoa ukutani.

Vipo vitenganishi vya USB vinavyokata ardhi kati ya laptopu na DAC. Tazama chipu iliyomo: ADuM4160 huishia megabiti 12, na DAC ya kasi ya juu ikipitishwa humo ama hushuka hadi kilohezi 96 ama hugoma kabisa. ADuM4165 hufika 480, bei nayo hupanda.

Hapo ndipo swali lako la optikali linapopata uzito. Kebo ya optikali ni mwanga, haina shaba, haina ardhi, na mshtuko wa stima hauna pa kupita. Hupotezi kitu kwa nyimbo za ubora wa CD, biti 16 na kilohezi 44.1, wala kwa biti 24 hadi kilohezi 96, ambazo milango mingi ya optikali huzipokea bila shida. Utakachokosa ni faili za 192 kwenda juu na zile za DSD, aina nyingine ya faili za muziki za ubora wa juu, na kama huna faili hizo hutagundua kitu. Laptopu za sasa hazina mlango huo, ila MacBook Pro za kabla ya 2016, ambazo mitumba yake ni mingi mjini, zina optikali iliyofichwa ndani ya tundu la spika za masikioni na huhitaji kichwa kidogo cha kuunganishia. Kwa nyingine kuna kisanduku cha kugeuza USB kuwa optikali. Waya wa USB basi unakufia kwenye kisanduku badala ya DAC.

Kwa hivyo kebo kwanza, kisha lehemu za tundu, kisha kipimo cha diodi. Niandikie namba mbili ulizopata kwa D+ na D−, na maandishi yaliyo juu ya chipu. Nikiona hizo nitakuambia kama uwashe chuma cha kulehemu au ununue kisanduku.